Waya wa Puani, Mbele ya Mama Mkwe

Mwaka jana nilipimwa karibu kila kitu isipokuwa akili, ambayo kwa haki ndiyo ingetangulia.

Kazi yangu ni kushona kofia za mkono nyumbani kwangu Magogoni, huko Kisauni, zile za vito, yaani vitundu vinavyozungushiwa uzi, ambazo mtu huvaa siku ya Idi akajiona naye amekuwa mtu. Ni kazi ya kukaa, na kukaa nimejaliwa. Wenzangu niliomaliza nao sekondari, huyu yuko bandarini, yule yuko uwanja wa ndege, mwingine alipanda ndege yenyewe na hajarudi. Mimi nimefika sebuleni. Mke wangu ndiye atokaye. Ni karani katika ofisi moja ya makontena huko Changamwe, anaondoka asubuhi na mapema na kurudi jua linazama, na majirani hawachoki kusema kwamba katika nyumba ile aliyetawishwa akafungiwa ndani ni mwanamume. Wameniita Bwana Mtawa hadi jina limekubali. Nami huitika, kwa sababu kukataa kungenilazimu nitoke nje kubishana.

Siku ya Bwana Mtawa ilikuwa hivi. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi. Mchana wali wa nazi, samaki wa kupaka, pilipili iliyokamuliwa ndimu, achari ya embe, na funda la mwisho la mchuzi linalonywewa moja kwa moja kwenye bakuli kwa kuwa hakuna anayeona. Halafu nalala palepale mkekani, mkono chini ya kichwa. Nikiamka nainama tena juu ya kofia, tumbo limekunjwa mara mbili, sahani ya viazi vya karai kando. Mazoezi yangu yalikuwa kutunga uzi kwenye sindano.

Kiungulia kiliishi nami kwa miaka kama mpangaji asiye na makuu. Kinapanda baada ya chakula, kinachoma kifuani, kinaacha maji machungu kooni. Nakipa dawa ya povu ya dukani, kinashuka, tunaendelea na maisha. Lakini mwaka jana kikabadilika tabia. Mchana mmoja niliamshwa na maumivu katikati ya kifua, mazito, kama mtu ameniwekea ngumi pale na anaiegemea taratibu huku akifikiria mambo yake. Nikaketi. Jasho likanitoka. Baada ya muda ngumi ikaondoka, nikamalizia viazi.

Ningelinyamaza kabisa kama si historia ya ukweni. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Likoni, na alikufa akisema ana kiungulia. Alimaliza chakula cha mchana, akaomba maji ya ndimu na soda ya mkate, mama mkwe akamkorogea, akanywa, akasema kimeshuka, akaenda kujinyoosha. Alasiri mama mkwe alipokwenda kumwamsha kwa sala, hakuamka. Baadaye wakaambiwa ulikuwa moyo. Tangu siku hiyo neno kiungulia katika familia ile halitamkwi ovyo. Mke wangu aliponikuta jioni moja nimeshika kifua, alitupa mkoba mlangoni. Aliingia chumbani akampigia mamake simu. Kesho yake nikaambiwa mimi ni mgonjwa.

Swali basi lilikuwa moja tu, na kila mtu nyumbani alilijua bila kulisema. Hii ngumi ni asidi, au ndiyo ile iliyomchukua mzee?

Wa kwanza kunipima alikuwa jirani yangu, mama wa makamo tunayegawana naye ukuta mmoja, na kwa hivyo tunagawana kila kitu. Vifaa vyake ni macho na mdomo. Alinitazama toka juu hadi chini akasema ni vidonda vya tumbo. Kwake yeye Kisauni nzima ina vidonda vya tumbo. Mtu akikonda ni vidonda, akinenepa ni vidonda vimeziba. Akaniletea juisi ya viazi vibichi, kisha habasoda, kisha maziwa baridi, kisha mshubiri, na kila nilipomwambia bado, alinitazama kama mwanafunzi anayefeli makusudi.

Wa pili alikuwa daktari wa kliniki moja ya kibinafsi huko Changamwe, kijana wa bara, mpole, Kiswahili chake kinatembea kwa magongo lakini kinafika. Akaniuliza nasikia uchungu wapi. Nikamwonyesha. Akasema tutaanza na choo. Nami nilidhani tunaongea juu ya kifua.

Hilo nalo ni jambo la kumkuta mtu mzima. Unapewa kikopo chenye kifuniko na kijiko kidogo kimeshikamana na kifuniko hicho, kana kwamba ni sukari. Nikakitia katika mfuko wa karatasi, mfuko wa karatasi katika mfuko wa kitambaa, na jirani akanikuta mlangoni akaniuliza nampelekea nani zawadi. Walikuwa wakitafuta kijidudu kinachokaa tumboni na kuleta vidonda. Hawakukiona. Jirani nilipomweleza alikataa majibu yale moja kwa moja, akasema mashine za Changamwe hazijui vidonda vya watu wa Kisauni.

Kisha wakapima moyo. Nililazwa kitandani, nikanyolewa vijinywele vyangu vichache vya kifuani ambavyo nilikuwa nikivitegemea kwa heshima, nikabandikwa vibandiko vyenye nyaya, na mashine ikatema karatasi yenye vilima na mabonde. Daktari akaisoma, akasema moyo uko sawa kwa sasa.

"Na wakati ule ngumi inapokuja?" nikamuuliza.

"Hiyo karatasi haijui wakati ule," akasema. "Inajua sasa."

Hebu tazama. Moyo unapigapiga miaka arobaini na kitu, nao wanauchungulia kwa muda wa kupiga chafya, halafu wanaandika uko sawa. Hata mimi ukinichungulia kwa muda huo utaniona nafanya kazi.

Baada ya hapo ikaja kamera. Nilishinda njaa tangu usiku, na kwa mtu wa aina yangu hicho tayari ni kipimo. Wakanipulizia dawa kooni yenye ladha ya ndizi iliyooza, wakanilaza ubavu wa kushoto, wakanifunga kinywa na kipete cha plastiki ili nisiutafune mpira wao. Muuguzi akanishika kichwa, akawa ananibembeleza nimeze. "Meza, baba, kama unameza tonge." Mimi ambaye sijawahi kushindwa na tonge tangu nizaliwe, siku ile nilishindwa. Nilipaliwa, nikatoa machozi na mate na sauti ambazo mke wangu aliyekuwa nje ya mlango aliniambia baadaye zilimkumbusha mbuzi wa aqiqa akichinjwa. Mwishowe ukapita. Nikapewa picha za rangi za tumbo langu, mapango ya waridi yanayong'aa, hata moja haikunishawishi kwamba ni mimi. Majibu yalisema hakuna kidonda, hakuna uvimbe, ila mlango wa juu wa tumbo umelegea kidogo.

Jirani aliposikia hakuna kidonda alishika tama kama aliyefiwa.

Hapo ndipo daktari alipotukalisha, mimi na mke wangu, akatueleza kwa utaratibu. Asidi inaweza kupanda na kumtesa mtu bila kuacha jeraha, kwa hivyo kamera haitoshi. Kuna kipimo kingine. Waya mwembamba unapitishwa puani unashuka hadi karibu na tumbo, unakaa huko kutwa kucha unaonja, na kiboksi kiunoni kinaandika kila mara asidi inapopanda. Kiboksi kina vitufe vitatu. Kimoja unabonyeza ukianza kula na ukimaliza, kimoja ukilala na ukiinuka, na kimoja maumivu yakija. Maumivu yakiangukia juu ya asidi, jawabu limepatikana. Asidi isipoonekana, tutaelekea kwenye mishipa ya moyo, hospitali kubwa, dawa ya rangi na mrija wa kupitishwa mkononi. Mke wangu alikuwa akiandika yote hayo katika kidaftari, mkono wake umetulia kupita kiasi.

"Jambo moja tu," daktari akasema. "Kula kawaida yako. Lala kawaida yako. Usijifanye mgonjwa."

Nikamwambia hilo aniachie mimi. Katika maisha yangu sijawahi kuombwa na mtu mwenye shahada nile na nilale.

Wiki nzima kabla ya kipimo nilikatazwa dawa zote, hata ile ya povu, na ngumi ilinitembelea mara mbili. Siku yenyewe nilitiwa waya asubuhi, nikabandikwa plasta shavuni, kiboksi kikafungwa kiunoni. Mke wangu akaniteremsha nyumbani na kwenda kazini. Chakula kilikuwa tayari jikoni. Mkeka ulikuwa umetandikwa. Kila kitu kilikuwa kawaida yangu, isipokuwa kwamba nilipokuwa nashuka, jirani alikuwa kibarazani kwake anachambua mchele.

Aliuona ule waya. Aliweka ungo chini, akajitanda leso, akatoka.

Sijui watu wa kwingine huwaachaje wagonjwa wao wapumzike. Kwetu mgonjwa huzuriwa, na mgonjwa mwenye mpira puani huzuriwa haraka, kabla hajatangulia. Saa nne walikuwa wanawake watatu na chupa ya uji. Baada ya adhuhuri walikuja wazee wa msikitini, wakaketi wamepanga ukuta, wakaniombea dua ndefu kiasi kwamba mwenyewe nilianza kujihurumia. Mmoja wao, mtu mwema sana, alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshaandika wasia. Nikamwambia mali yangu ni sindano. Akasema hata hiyo.

Hao ningewavumilia. Wangeondoka, nikala. Lakini saa saba unusu mlango ulibishwa hodi ninayoijua, na mama mkwe akaingia, amevuka kivuko toka Likoni na kikapu cha ukindu mkononi, uso umekazwa.

Inabidi nieleze kitu hapa, ingawa msomaji aliyeoa hahitaji kuelezwa. Kwa miaka kumi na mitano nimekuwa mkwe wa yule mama, na kwa miaka kumi na mitano hajawahi kuniona nimelala. Hajaniona nimenyoosha miguu. Nikienda kwake Likoni nakula matonge matano, la sita nalikataa kwa mkono kifuani, nanawa sinia ingali imejaa, na njiani nanunua mahamri nile nikiwa nimemgeukia mke wangu mgongo. Mama mkwe hunisifu kwa wenzake. Husema mkwe wake ni mtu wa haya, anakula kama kifaranga. Hiyo ndiyo sifa moja niliyojipatia duniani kwa jasho langu, na sikuwa tayari kuipoteza kwa sababu ya kiboksi.

"Shikamoo mama," nikasema, waya ukitikisika.

"Marahaba, mwanangu. Usiseme muno, utachoka."

Akafungua kikapu. Uji wa mchele. Supu ya kuku isiyo na pilipili, isiyo na ndimu, isiyo na kosa lolote. Alikaa mbele yangu akanitazama nikinywa. Nikabonyeza kitufe cha kula kwa vijiko vinane vya uji. Wali wangu wa nazi ulikuwa jikoni unapoa peke yake. Nikaketi wima, miguu imekunjwa, kofia kichwani, tangu saa ile hadi jioni, nikiitikia wageni. Tumbo langu halijawahi kuona siku ya namna hiyo. Na ulipofika usiku, akasema hawezi kumwacha bintiye peke yake na mgonjwa, akanipangia mito minne mgongoni kwa mikono yake mwenyewe, nikalala kichwa kiko juu kama bwana harusi. Baadaye nilikuja kujua kwamba hivyo hasa ndivyo madaktari wanavyowashauri watu wa asidi walale.

Ngumi haikuja. Ingekuja ifanye nini?

Siku mbili baadaye daktari alitugeuzia kompyuta yake. Mstari ulikuwa umenyooka kama mshono wa mwanafunzi mwoga. Akasema asidi ni ya kiwango cha mtu mzima wa afya, kwa kweli ni nzuri kuliko ya kwake mwenyewe. Maumivu hayakubonyezwa hata mara moja. Akavuta karatasi akaanza kuandika barua ya kwenda kwa wataalamu wa moyo.

Mke wangu alishika ncha ya mtandio wake akawa anaiviringisha kidoleni, anaiachia, anaiviringisha. Nilimwona akifanya vile siku tatu mfululizo wakati wa matanga ya babake. Nikatazama ile kalamu ikienda. Ningeweza kunyamaza. Ningepelekwa hospitali kubwa, nikapitishwa mrija mkononi, na sifa yangu Likoni ikabaki salama. Na aibu ninayoikumbuka mpaka leo ni kwamba nilifikiria kufanya hivyo, kwa muda wa mstari mzima wa barua.

"Daktari," nikasema, "huyo si mimi."

Akasimamisha kalamu. "Si wewe aje? Jina si lako?"

"Jina ni langu. Lakini aliyekula siku ile ni mkwe wa mtu."

Alimtazama mke wangu, labda akidhani ile dawa ya ndizi imenipanda. Mke wangu ndiye aliyemweleza, polepole, macho chini: mama alikuja, mama alikaa, mama alilala. Kisha akaendelea kumweleza ninachokula siku ya kawaida, sahani kwa sahani, na bakuli la mchuzi nalo akalitaja, ambalo mimi nilidhani hajui. Yule kijana wa bara alisikiliza mpaka mwisho. Nilitarajia acheke. Akasema hata kwao mwanamume hawezi kula mbele ya mama mkwe, babake mzazi aliwahi kuruka dirishani kumkwepa wa kwake. Akaitia ile barua kwenye mtoto wa meza.

"Nakupatia siku moja tena. Lakini kwanza huyo mama asikuje."

Rahisi kusema. Nani amwambie? Tulibishana wiki nzima. Mimi nilipendekeza tumwambie kipimo kimeahirishwa. Mke wangu akasema hatamdanganya mamake juu ya kifua cha mtu, si baada ya yaliyompata. Nikapendekeza aende yeye, kwa kuwa ni mamake. Akasema niende mimi, kwa kuwa ulafi ni wangu. Mwishowe Jumapili alivuka yeye, na mimi nikabaki nyumbani nikishona kito kimoja na kukifumua mara tatu.

Aliporudi alinieleza. Mama alisikiliza yote hayo bila kukatiza, sahani, mkeka, kila kitu. Aliuliza swali moja tu, kama nilikuwa nakula kidogo kwake kwa kuwa chakula chake kibaya au kwa haya. Mke wangu akamwambia ni haya. Mama akasema atakuja.

"Hukumwambia asije?"

"Nilimwambia. Amesema atakuja."

Ilikuwa Jumamosi. Nilirudi kutoka kliniki na waya wangu nikakuta kikapu cha ukindu jikoni na harufu iliyopenya hata pua yenye waya. Hakuleta uji. Alikuwa amepika alichoambiwa, kama mtu aliyepewa orodha na serikali: wali wa nazi, samaki wa kupaka, pilipili, achari, bakuli kubwa la mchuzi. Aliniandalia mkekani kwa mkono wake. Halafu akachukua kigoda, akakiweka kizingitini, akaketi akitazama nje, akanipa mgongo. Mke wangu alikuwa jikoni na simu mkononi, na tuktuk moja ya mtaani ilikuwa imeshazungumzwa, kwa kuwa daktari alikuwa ametuonya kwamba maumivu yakizidi robo saa tuiache mashine twende hospitali.

Nikala. Mwanzo nilikula kama kifaranga, kwa mazoea. Mgongo ule mpana wa buibui haukujongea.

"Sisikii kitu," ukasema.

Nikala sasa. Wageni walianza kufika, wamesikia waya umerudi. Nilimsikia akiwapokea pale mlangoni. Alimwambia jirani mgonjwa hayupo. Jirani akauliza ameenda wapi na mpira puani. Mama mkwe akasema ameenda kazini. Jirani akasema huyu, kazini, na nikasikia katika sauti yake kwamba hilo lilimshtua kuliko mpira. Wazee wa msikitini waliambiwa dua ile ya kwanza bado inatosha.

Nilipomaliza bakuli nilibonyeza kitufe, nikabaki nimeketi. Miaka kumi na mitano haikunjuki mara moja.

"Umelala?"

"Bado, mama."

"Lala tini, mwanangu. Mimi nimekupa mgongo."

Nikalala. Nikabonyeza kitufe cha kulala, nikaweka mkono chini ya kichwa, miguu nikainyoosha mbele ya mama mkwe, Mungu anisamehe. Halafu nikangoja. Kila siku nilikuwa naikimbia ile ngumi, na leo nimeivalia, nimeipikia, nimeitandikia mkeka, nayo inachelewa kama mgeni wa heshima. Nusu saa. Nikaanza kuogopa haitakuja, na ile barua iko kwenye mtoto wa meza. Kisha ikaanza kwa mbali, joto kidogo, ladha chungu kooni, na halafu ikaja yenyewe, nzito, katikati kabisa, ikaegemea.

Nikabonyeza. Kitufe kilitoa mlio mdogo.

"Kimekuja?" akauliza.

"Kimekuja."

Tasbihi iliyokuwa ikipita vidoleni mwake ilisimama. Ndipo nikafahamu nilichomwomba mwanamke yule. Alikuwa ameketi amempa mgongo mwanamume aliyelala baada ya chakula cha mchana, ameshika kifua.

"Nigeuke?"

"La, mama. Bado kidogo."

"Basi sema. Usininyamazie. Sema neno lolote."

Pumzi yenyewe ilikuwa ya kuazima. Kitu pekee kilichokuwa kichwani mwangu ni kile kilichokuwa tumboni, nikaanza kumhesabia. Sahani mbili za wali. Akasema ehe. Samaki vipande vitatu. Ehe. Cha tatu kilikuwa kichwa. Ehe, na kichwa. Achari yote. Nikamwambia na mahamri ninayonunua nikitoka kwake, pale kabla ya kivuko, manne kila safari. Mgongo ulitikisika kidogo lakini ukasema ehe. Nikamwendelezea miaka kumi na mitano yote, Idi baada ya Idi, matonge yote niliyoyakataa kwa mkono kifuani na niliyoyafidia nyuma ya duka la mahamri. Mke wangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni, saa mkononi. Dakika ya tisa ngumi ikalegea. Nikabonyeza tena, nikamwambia mama imeondoka. Hapo ndipo alipogeuka, akanitazama nilivyolala pale, na akaitazama ile sinia iliyobaki miiba mitupu kwa muda mrefu zaidi.

Majibu yalichukua siku tatu. Safari hii mstari, ambao hushuka asidi ikipanda, ulikuwa umeporomoka, mabonde yamefuatana tangu nilipolala, na alama ya kitufe changu imekaa ndani ya bonde refu kuliko yote. Daktari alifuata kwa kalamu, huku asidi, huku maumivu, huku asidi inashuka, huku maumivu yanaisha. Akasema ni asidi, ile barua sasa anaweza kuichana. Mke wangu akaiachia ncha ya mtandio. Kisha nikapewa vidonge, na ushauri ambao nyaya na kamera na vikopo vyote vile viliniletea kwa njia ndefu. Nile kidogo. Nisilale kabla ya muda wa saa tatu kupita tangu kula. Nisikunjike juu ya kofia nikiwa nimeshiba. Mashine nzima hiyo imevuka mabahari kuja kuniambia maneno ambayo mtu yeyote aliyewahi kunitazama angeniambia bure.

Nilimpigia mama mkwe mwenyewe. Sikumwachia mke wangu, nadhani kwa sababu baada ya ile hesabu hapakubaki kitu cha kuficha. Nikamweleza majibu, mabonde, kitufe, kwamba moyo haumo.

"Kwa hivyo ni ulafi tu?" akauliza.

"Ni ulafi tu, mama."

"Alhamdulillahi."

Hakukata simu. Aliiweka chini, nafikiri mezani, akasahau. Nikamsikia akitoka uani kwake Likoni akiwaambia wenzake waliokuwa wakimenya mihogo kwamba mkwe wake ni mlafi, na mmoja akauliza yupi, yule wa haya, naye akajibu huyo huyo, wallahi, mlafi kupindukia, na sauti yake ilikuwa ikicheka na ikilia.